Naomba ushauri: hema au turubai kwa vijana 14, tunakwenda Kolo mwishoni mwa Juni

Mlezi wa Skauti (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni, na wakubwa wote shikamooni.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Dodoma mjini na ni mlezi wa skauti. Shule zikifunga nataka kuwapeleka vijana 14, wavulana 8 na wasichana 6, hadi Kolo, Kondoa, wakaone michoro ya miambani. Tutalala siku mbili. Mwalimu wa kike atakuwepo kwa ajili ya wasichana.

Tatizo langu ni malazi. Mwaka jana mwezi wa nane tulilala kando ya bwawa la Hombolo kwa mahema mawili ya kuazima, yale ya duara yenye fito za faiba. Jioni palikuwa shwari kabisa. Saa nane usiku upepo ukaja, vigingi vikang'oka mchangani kimoja baada ya kingine, hema la wavulana likanyanyuka upande mmoja na fito ikakatika. Kijana mmoja aliidaka ile fito kwa mkono ili isichane kitambaa. Nyuzi za faiba zikamwingia kiganjani, nyembamba kuliko unywele, ukipapasa unazisikia lakini ukitazama huzioni. Nilikaa naye mpaka alfajiri nikizitoa moja moja kwa kibanio cha nyusi cha mwalimu mwenzangu, tochi nimeing'ata mdomoni. Hakulia hata mara moja, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Bajeti ni 450,000. Nimeona hema jipya la "watu 8" ambalo litameza karibu fedha yote. Nimeona pia mahema ya mitumba, na maturubai ya plastiki ya mita 5 kwa 6. Ninunue nini, na nifanyeje upepo usinirudie? Naomba kuwasilisha.

Kijana wa Bahi

Pole sana mwalimu, na umpe pole huyo kijana.

Achana na hema la watu 8. Ile namba ya kwenye boksi maana yake ni watu wanane bega kwa bega bila begi hata moja. Wewe hesabu watano. Halafu hema refu kwenye upepo wa huku kwetu ni tanga la jahazi. Kuanzia Juni mpaka Oktoba upepo wa Dodoma hauna huruma, na mara nyingi unatoka mashariki na kusini-mashariki. Hema fupi mgongo, mlango ukiupa kisogo upepo, ndilo linalolala salama.

Mimi ningenunua mahema mawili madogo ya wasichana na mwalimu wao, wavulana wakalala chini ya turubai.

Fundi Chuma Chang'ombe

Nichangie kwenye vigingi tu, maana hapo ndipo kosa lilipokuwa. Vile vinavyokuja na hema ni vijiti kama spoku za baiskeli. Vinafaa kwenye majani mabichi na udongo laini, siyo huku.

Nenda kwa fundi yeyote wa kuchomelea, nunua nondo ya milimita 10, akukatie vipande vya sentimita 40. Ncha moja aichonge kwa jiwe la kusagia, nyingine aikunje kama kipini cha mwavuli. Nondo moja ya mita 12 inakupa vipande 30 kamili, na gharama yake huwezi kuilinganisha na vigingi vya dukani. Kile kichwa kilichokunjwa kivishe kipande cha mpira wa bomba, vijana wasijikwae usiku wakachanika.

Unapokipigilia, kichwa kilale kuelekea nje, mbali na hema, na ncha ielekee hema. Ukikisimamisha wima kitang'oka. Udongo mwekundu ukiwa umekauka kama tofali, toboa kidogo, mimina kikombe cha maji, subiri dakika kumi, kisha pigilia.

Mlezi wa Skauti

Fundi asante sana, hilo la nondo nalifanya wiki hii. Ila Hombolo tulikuwa kwenye mchanga. Nondo itashika mchangani?

Mzee wa Kambi

Mwalimu, mchangani hata nondo haitoshi. Nilijifunza haya nilipopita JKT miaka mingi iliyopita na sijayaacha. Chukua mfuko wa salfeti, ujaze mchanga huo huo nusu, ufunge kamba katikati. Chimba shimo la kina cha mkono mpaka kiwiko, ulaze mfuko kwa ubapa, kamba itoke juu kwa mshazari kuelekea hema, fukia na kanyaga mpaka pashikane. Shimo moja ni dakika tano. Kwa hema dogo fukia mifuko minne, na utachoka wewe kuivuta kabla haijatoka.

Sasa turubai. Hapa naomba unisikilize taratibu, maana watu wengi wanalinunua halafu wanalitundika kama la msibani, limetandazwa juu bapa. Hilo ni la kivuli cha mchana. Usiku upepo utalichana.

Kwa kulala, tafuta miti miwili, funga kamba ya manila iliyokazwa vizuri kwa urefu wa mita moja na nusu kutoka chini. Hiyo ndiyo kamba ya mgongo. Mwaga turubai juu yake, ule upande wa mita 6 ufuate kamba, upande wa mita 5 ugawanyike katikati. Kila ubavu utakuwa mita 2 na nusu. Zivute kingo mpaka chini na utaona kila ukingo umetua mita 2 kutoka katikati. Ni ile tatu-nne-tano ambayo mafundi ujenzi wanapimia kona ya msingi. Unapata banda la mita 4 kwa 6, vijana wanane wanalala kwa mstari mmoja, wanavuka katikati, na nafasi ya mabegi inabaki kwenye kingo. Mistari miwili usijaribu, kule pembeni turubai litawagusa uso.

Upande unaotoka upepo, ukingo ugande ardhini kabisa, usiache hata upenyo wa kidole. Uwazi wa banda usielekee upepo.

Na jambo moja la mwisho. Usiyaamini yale matundu ya pete kwenye turubai la plastiki. Pete inachomoka na mpasuko unaanzia hapo. Chukua kokoto laini ya ukubwa wa limau, iweke ndani ya kitambaa cha turubai, kunja kitambaa kuizunguka, funga kamba shingoni mwake. Hapo hapachaniki.

Mitumba Sabasaba

Mimi nauza mabegi na vitu vya safari vya mtumba, mahema yanaingia mara mojamoja. Kaka mwalimu, mtumba mzuri unaupita upya wa bei rahisi, lakini usinunue hema lililokunjwa. Mwambie muuzaji alifungue, na akikataa, ondoka.

Ingiza mkono ndani ya lile paa la juu, upande wa ndani. Ukihisi linanata kama peremende iliyolambwa, au linabanduka vipande vyeupe kama ngozi iliyoungua jua, ile rangi ya kuzuia maji imekufa. Huwa linatoa na harufu kama ya matapishi. Hilo halitengenezeki, usidanganywe. Kisha vuta zipu zote mpaka mwisho na urudi, maana zipu iliyokufa ni mbu na nge. Hesabu fito, ziunganishe zote, tazama kama kuna yenye ufa kwenye maungio. Tafuta lebo: ikiandikwa milimita 1,500 au 3,000, hicho ni kimo cha maji ambacho kitambaa kinahimili kabla hakijavuja, namba ikizidi ni bora zaidi. Kwa Juni hiyo namba isikunyime usingizi, mvua haipo. Ila kama unataka kulitumia pia Desemba, itazame.

Yenye tabaka mbili ni bora kuliko ya tabaka moja. Ile ya tabaka moja watu wakijaa na kufunga kila kitu, asubuhi kuta zinatoka jasho, watoto wanadhani limevuja.

Binti Mrangi

Karibuni kwetu mwalimu. Nyumbani ni Kondoa, Kolo napafahamu vizuri.

Kwanza ripotini ofisi inayosimamia michoro pale Kolo kabla ya kushusha mzigo, na mtendaji wa kijiji ajue mpo. Michoro ile iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2006, huwezi kupiga kambi popote unapopenda. Watawaonyesha mahali.

Pili, na hili nawasihi kabisa: vijana wakiona ile miamba ilivyojikunja juu kama paa, watakwambia "mwalimu, tulale hapa, upepo haufiki". Ni kweli haufiki, na ndiyo maana watu wa kale walikaa pale. Lakini moshi wa usiku mmoja unaganda juu ya mchoro na haufutiki. Msiwashe moto pale, msiimwagie michoro maji ili ing'ae kwenye picha, msiiguse. Mungumi wa Kolo, mmoja wa miamba hiyo yenye michoro, wazee wetu bado wanakwenda kutambika. Pale ni kama mmeingia nyumba ya mtu.

Tatu, baridi. Kolo iko juu kuliko Dodoma mjini, na mwezi wa sita usiku unauma. Baridi haiji kwa juu tu, inapanda kutoka ardhini. Tandikeni maboksi yaliyofunguliwa, juu yake mkeka, juu yake ndiyo blanketi. Blanketi moja chini ya mgongo ni sawa na mawili juu.

Muuguzi Ipagala

Kwa kuwa dada ametaja baridi: mwalimu, kijana au mwalimu yeyote asiingize jiko la mkaa ndani ya hema. Hata kama limebaki majivu mekundu tu. Mkaa unatoa hewa yenye sumu isiyo na harufu, watu wanasinzia na hawaamki. Waambie kabla hamjaondoka, na usiku pitia mwenyewe uone jiko liko wapi. Nimeandika kwa herufi za kawaida lakini ningeweza ningepiga kelele.

Dereva wa Nyikani

Kuna walioshauri turubai la plastiki. Sikatai, ila usiku upepo ukipiga linalia kama bati na vijana hawatalala. Mafundi wanaoshona maturubai ya malori wanaweza kukushonea la kanvasi, zito, halipigi kelele, mchana lina ubaridi. Bei iko juu na uzito ni wa kubebwa na gari, siyo mgongoni.

Pia kwa siku zijazo, mkitaka kulala Desemba au Januari: msijaribiwe na mchanga wa mto mkavu. Mto Bubu unaweza kuwa mweupe na mkavu jioni, mvua ikanyesha huko juu ambako hamkuiona wala kuisikia, maji yakawafikia usiku. Makorongo ya Kondoa ni hivyo hivyo. Na kwenye bwawa la Mtera, lala mbali na maji, kuna mamba na viboko.

Mlezi wa Skauti

Wakuu, nimesoma kila neno, nimeandika kwenye daftari. Mzee wa Kambi, ile ya kokoto nimeijaribu leo uwanjani na vijana wawili tumening'inia kwenye kamba, haikuachia. Turubai likipiga kelele nifanyeje?

Mzee wa Kambi

Likipiga kelele maana yake limelegea. Kamba za pembeni zifunge kwa fundo linaloteleza: zungusha kigingi, rudi, pitisha mizunguko miwili ndani ya kitanzi, mmoja nje. Unalisukuma kukaza, halirudi. Kaza jioni, kaza tena kabla ya kulala. Ukiwa na tyubu kuukuu ya baiskeli, kata vipande, unganisha kati ya kamba na turubai. Upepo ukisukuma, mpira unanyooka badala ya kitambaa kuchanika.

Mlezi wa Skauti

Tumerudi jana salama wote 14. Naona nina deni la kuwaeleza.

Nilinunua mahema mawili ya mtumba ya tabaka mbili, moja lilikosa fito, fundi akaweka kipande cha bomba la antena kuukuu na limeshika. Turubai la plastiki moja la kulala, jingine la kivuli. Vigingi 30 vya nondo. Mfukoni zilibaki 60,000, tukanunua maboksi na tyubu.

Usiku wa kwanza ulikuwa kimya. Wa pili, kwenye saa saba, upepo ulishuka kutoka mlimani. Nilitoka na tochi, nikaweka kiganja juu ya kamba ya mgongo. Ilikuwa inatetemeka kama uzi wa zeze, lakini nondo hazikusogea. Zile tyubu zilikuwa zinavuta na kurudi, zinavuta na kurudi. Nikachungulia ndani: wanane wote wamelala, na yule kijana wa Hombolo amelala upande wa upepo, mahali alipoomba mwenyewe.

Kosa langu moja: turubai la chini ya hema la wasichana niliacha limetokeza nje pande zote. Halikuwa na madhara kwa kuwa hakuna mvua, lakini mwenyeji mmoja aliniambia ingekuwa masika lingekusanya maji na kuyaingiza chini yao. Sasa tunalikunja kwa ndani. Na miiba ya migunga, fagieni mara mbili, ya kwanza haitoshi.

Binti Mrangi, pale Mungumi vijana walivua kofia wenyewe, sikuwaambia.

Nondo ziko kwangu, zimepakwa mafuta, kwenye mfuko wa salfeti. Mlezi yeyote wa hapa mjini anayetoa vijana nje mwezi wa nane aniandikie, nitamwazima zote.