Hela ya unga au kadi ya bima, kaya maskini ianze kupewa ipi?

Wadau naomba tulijadili hili bila matusi. Juzi nimebishana na kaka yangu mpaka saa sita usiku kuhusu hela za TASAF (mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini) na hii bima ya afya kwa wote, yeye anasema mambo ya bima yasubiri, hela yote iende kwenye ruzuku ya kaya maskini watu wale, maana mwenye njaa kadi haimshibishi. Mi nasema hapana, bima ianze. Ila isilipwe kwa hela ya huyo huyo maskini.

Mama yetu mdogo analima huko Kondoa. Mwaka juzi kavuna gunia sita za mahindi, yeye na watoto wanne hicho ndo chakula cha mwaka. Mwezi wa saba kijana wake wa pili akaanguka toka juu ya mkwaju, paja likavunjika. Zahanati rufaa, wilayani rufaa tena mpaka mkoani, huku picha, huku vyuma, huku kitanda, nauli bado. Gunia nne zikauzwa ndani ya wiki moja, tena mwezi wa saba wakati kila mtu ana mahindi na mnunuzi anajipangia bei. Kufika mwezi wa kwanza mtu yule yule aliyeuza magunia anapimiwa unga dukani kilo kilo, kwa bei iliyopanda, na uji wa asubuhi ukafutwa kabisa. Sasa hiyo njaa ilitoka wapi? Mvua ilinyesha vizuri tu mwaka ule. Ilitoka kwenye paja la mtoto.

Na CHF iliyoboreshwa, ile bima ya afya ya jamii, ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka, kaya ya watu 6, unatibiwa kuanzia zahanati mpaka hospitali ya mkoa ukiwa na rufaa. Hakuwa nayo. Januari kabla ya ajali hela ya kadi iliishia kwenye sare na madaftari, na sidhani kama kuna mzazi hapa angefanya tofauti.

Kaka ana hoja yake nzito siwezi kuificha. Anasema anamjua dada anayetumia ARV (dawa za kufubaza VVU) aliyekuwa anaruka dozi sababu vidonge kwenye tumbo tupu vinamzungusha kichwa na kumtapisha, huyo kadi ingemsaidia nini bila sahani ya ugali? Hapo nilinyamaza kwa kweli. Lakini chakula kuwepo peke yake nako hakumalizi, angalieni utafiti wa afya wa 2022, udumavu (watoto kuwa wafupi kuliko umri wao) kitaifa ni asilimia 30 ila Iringa umepita 50, Njombe na Rukwa zinafuatia, na ndo mikoa inayotulisha mahindi nchi nzima! Ghala limejaa, mtoto anakunywa uji mtupu, anaharisha kila mwezi, mama yuko shambani toka alfajiri.

Kinachoniumiza ni hili. Mlengwa wa TASAF amekuwa akipewa hela kidogo kila baada ya miezi miwili, na sehemu yake ikiwa na masharti, mtoto aende kliniki, mwingine asikose shule. Nimekaa kwenye kikao cha malipo nikaona bibi kapokea hela yake, kabla hajainuka anaambiwa bibi toa humo humo ya CHF. Akazihesabu mara mbili akatoa. Yaani unampa kwa mkono huu unachukua kwa ule alafu ripoti inasema kaya imekatiwa bima. Sheria ya bima ya afya kwa wote ya 2023 yenyewe imeweka mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo, hela zitoke kwenye ushuru wa soda, pombe, vipodozi, michezo ya kubahatisha na kwingine, sasa ya bibi inaguswa ya nini?

Wa "kadi unayo ila dawa kanunue nje" najua mnakuja, na mko sahihi, dawa zisipokuwepo hoja yangu yote inaanguka.

Ila kaka aliniuliza swali la mwisho sikuwa na jibu. Orodha ya TASAF ipo, sawa, hao walipiwe. Mama mdogo hayumo. Nyumba yake ina bati na ana mbuzi watatu, kwa hiyo kwenye makaratasi sio maskini, mpaka siku mtoto aanguke. Huyu nani amlipie? Tiririkeni wakuu, nasoma kila mchango.