Sola na ukungu wa Mufindi: niongeze paneli, betri, au nichukue jenereta?

Chai_na_Ukungu
Wakuu, habari za jioni. Nipo Mufindi upande wa mashamba ya chai. Nguzo ya mwisho ya TANESCO iko mbali na kwangu, kwa hiyo naishi kwa sola tu. Nina paneli mbili za wati 200, betri mbili za jeli za 12V 100Ah, kontrola ya kuchajia betri, aina ya PWM, ya ampea 30 na inveta ya wati 1000.

Septemba na Oktoba mambo safi. Shida ni Juni mpaka Agosti. Ukungu ukishuka jioni hauondoki mpaka saa tano, saa sita mchana, na siku nyingine tunashinda nao. Ikifika saa tatu usiku inveta inaanza pii, pii, pii. TV inazimwa, na mama watoto ananitazama kana kwamba ukungu nimeuleta mimi. Asubuhi kontrola inasoma volti 11.9, yaani betri karibu tupu.

Nina kama laki tisa. Fundi wa mjini anasema niongeze betri mbili. Jirani ananiambia nichukue jenereta kama yeye. Ningekuwa nyie ningeanza na nini?

FundiJua
Pole mkuu, na msalimie shemeji. Betri ni simtanki. Kama mvua inayonyesha inajaza nusu ya simtanki moja, ukinunua la pili hujapata hata ndoo ya ziada.

Piga hesabu. Siku ya jua chukulia saa tano za jua kamili: wati 400 mara tano ni 2,000, toa theluthi ya hasara, unabaki na kama wati-saa 1,300. Siku ya ukungu zile saa tano zinakuwa mbili, kwa hiyo unapata 500 na kitu. Hapo hata ukiwa na betri kumi zitalala njaa zote kumi.

Halafu betri mpya ukiifunga na ya zamani, ya zamani inaivuta chini. Hapo ni hasara mara mbili. Taja vifaa vyako vyote tuone.

Chai_na_Ukungu
Taa sita za wati 7, TV ya inchi 32 na king'amuzi chake, friji dogo, na simu za nyumbani.

FundiJua
Kwa wati-saa za siku nzima: taa 210, TV na king'amuzi kwa saa tano kama 275, friji tuseme 500, simu 100. Jumla 1,085. Kwa mzigo huo siku ya kwanza ya ukungu ungefika asubuhi. Wewe unazimika saa tatu usiku. Kuna kitu hujakitaja.

MamaVifaranga
Kaka, naomba nikuulize swali la kike: unafuga?

Chai_na_Ukungu
Dah. Dada umenishika. Kuna balbu mbili za wati 60 kwenye banda la vifaranga. Zinawaka kuanzia saa kumi na mbili jioni.

MamaVifaranga
Nilijua! Mimi nipo Njombe, nimeshapita hapo. Wati 120 kwa saa nane ni karibu wati-saa 1,000. Yaani vifaranga wanakula umeme sawasawa na nyumba nzima. Mimi natumia chungu chenye mkaa, nakiwasha nje mpaka moshi uishe, ndipo nakiingiza na kukizungushia bati ili wasikikaribie. Acha upenyo wa hewa juu ya banda, usizibe kila mahali kwa ajili ya baridi, utaua wote kwa gesi ya mkaa. Sola si ya kupasha joto. Pasi, hita, birika la umeme, vyote weka mbali.

Kinangop_Mkulima
Salamu kutoka Kinangop, Kenya. Huku kwetu Julai jua tunalisikia kwa redio tu, kwa hivyo naungana na FundiJua: paneli kwanza, si betri. Lakini angalia kontrola. PWM haigeuzi volti za ziada za paneli kuwa ampea, MPPT ndiyo inageuza. Ukichukua zile paneli kubwa za wati 550 kwa sababu ni bei rahisi, ukaifunga moja kwa PWM ya 12V, inakupa ampea 13 tu. Mara volti 13 za betri, hiyo ni kama wati 170. Umelipia 550.

Nami nilinunua MPPT nikadhani nimemaliza. Ilikuwa ya volti 100 mwisho. Nikaunganisha paneli mbili kwa mfululizo, kila moja ikiwa na volti 49.5 bila mzigo. Jumla 99, nikaona inatosha. Aliyeniuzia pia akasema iko sawa. Asubuhi moja baridi kali, ukungu ukapasuka ghafla, nikasikia harufu kabla sijaona moshi. Paneli ikipoa volti zinapanda. Kwa baridi ya digrii 5 zile 99 zinapita 104. Stima ikapotea wiki mbili.

Makete_Juu
Hilo la volti watu wengi hawalijui, asante. Kuhusu betri: kinachoua jeli huku kwetu ni kukaa wiki nzima bila kujaa. Lithiamu (LiFePO4) inavumilia kukaa nusu, ila haitaki kuchajiwa chini ya sifuri. Huku Makete barafu inaanguka, yangu nimeihamishia ndani. Nikiiacha stoo, asubuhi inagoma.

Jenereta nisingeidharau. Ukiiwasha kwa muda wa saa mbili na charja ya ampea 20 unapata kama wati-saa 480, na petroli lita moja hivi. Kwa siku tatu nne mbaya kwa mwezi inalipa. Kila siku, hapana.

FundiJua
Basi mkuu: paneli mbili zaidi zinazofanana na zako, na MPPT. Zifunge mbili mbili kwa mfululizo, hata kwa baridi utabaki mbali chini ya volti 100. Mkondo wa kuchaji uweke mwisho ampea 40, jeli za 200Ah hazipendi zaidi. Siku ya jua kali itakata ziada, lakini wewe hununui kwa ajili ya jua kali. Zielekeze kaskazini, Julai jua lipo huko.

Makete_Juu
Hapo kidogo nipingane. Ukungu mzito mwanga unatoka anga zima, paneli iliyolala inakusanya zaidi ya iliyosimama. Na kama ukungu wake unaondoka saa sita, jozi moja aielekeze magharibi ipate jua la mchana.

FundiJua
Magharibi sawa. Kulaza sikubali, mwinamo mdogo lazima uwepo, la sivyo vumbi na kuvu vinatulia juu.

Chai_na_Ukungu
Wakuu, nimerudi. Jana nimezima balbu za banda, nimeweka chungu. TV imefika mwisho wa taarifa ya habari ya saa mbili na tamthilia yote, inveta haijalia. Asubuhi volti 12.3. Leo saa nne ukungu mzito, paneli zote mbili zilitoa ampea 3. Saa saba ulipopanda zikafika 14, kwa hiyo jozi mpya itaangalia magharibi. Jumamosi nateremka Mafinga kufuata paneli na MPPT. Betri mpya mpaka hizi zife zenyewe.

Kifaranga mmoja amekufa, lakini huyo alikuwa mgonjwa tangu juzi.

MamaVifaranga
Haya, na ule upenyo wa hewa umeuacha?

Chai_na_Ukungu
Ngoja nikaangalie.