Naomba ushauri: mdahalo wa binti yangu kuhusu Sudan

Habari zenu wakuu. Binti yangu yuko kidato cha tatu hapa Mwanza, Ijumaa ana mdahalo: Marekani ipeleke jeshi Sudan kuzima vita vilivyoanza Aprili 2023? Kapangiwa upande wa kukubali, na mimi baba mtu nimekwama.

Mwaka 1994 nilikuwa mdogo, tukiishi Kirumba. Maiti kutoka Rwanda zilishuka na mto Kagera hadi ziwani. Mama akagoma kabisa kununua sangara. Tulikula maharage mpaka tukayachukia. Na wakubwa wa dunia walikuwa wanatazama tu.

Ila Libya 2011 NATO waliingia, Gaddafi akauawa, nchi ikapasuka. Hapo ndipo wapinzani watamkaba. Ajibuje?