Maoni ya mswada

Neema: Shikamooni wakubwa. Maoni ya riwaya yangu yamerudi kutoka kwa wasomaji watano niliowapa mswada. Mmoja anasema sura ya 4 inajikokota, mwingine anasema inakimbia mno. Nimfuate nani?

Shangazi Rehema: Marahaba. Kwanza usimfuate yeyote 😄 Wajibu "asante, nimepokea", basi. Ukianza kumweleza msomaji ulichokusudia, akisoma tena atakuwa na maelezo yako kichwani. Hataona tena kilichokosekana kwenye maandishi.

Mjomba Salim: Marahaba Neema. Hao wawili huenda wanalalamikia kitu kimoja. Sura ya 4 ina kurasa ngapi kabla ya ugomvi?

Neema: Tatu, za kuielezea nyumba. Ugomvi wenyewe aya mbili.

Mjomba Salim: Basi ndiyo hiyo. Mmoja kachoshwa na nyumba, mwenzake kafika kwenye ugomvi haujamkolea umeshaisha. Punguza huku, ongeza kule.

Idi: Mimi nasema watatu wakisema hawamwamini mhusika, mbadilishe tu.

Shangazi Rehema: Polepole Idi. Watatu wakigusa mahali pamoja, pana tatizo kweli, ila dawa wanayopendekeza mara nyingi siyo. Na kosa huwa liko nyuma ya pale wanapolalamikia. Tuseme hawaamini mama anapomsamehe mwanawe sura ya 12. Ukimwongezea machozi pale hupati kitu. Rudi sura ya 3, weka sentensi mbili: analifua shati la kijana asiyekuwepo, analikunja, analirudisha kabatini. Sura ya 12 usiiguse kabisa.

Mjomba Salim: Chora jedwali: kila sura mstari wake, kila msomaji safu yake. Nakili maneno yao yalivyo, maana ukifupisha utalainisha yaliyokuuma. Namba za kurasa achana nazo, zinahama ukibadili ukubwa wa herufi. Andika sura na maneno matatu ya mwanzo wa aya.

Neema: Na jambo lililosemwa na mmoja tu?

Shangazi Rehema: Likiwa la ukweli, mfano mtu kavunjika mguu na baada ya siku mbili anakimbia, rekebisha hata kama ni mmoja. Likiwa la ladha, uliza huwa anasoma nini. Asiyesoma mahaba lazima aone mapenzi yamezidi.

Mjomba Salim: Kabla hujagusa chochote, hifadhi nakala ya zamani kwa jina jingine. Kisha anza na mkondo wa hadithi, halafu matukio, sentensi mwisho. Wengi huanza na koma, wakang'arisha aya watakazozifuta wenyewe.

Idi: Aliyeishia njiani je?

Shangazi Rehema: Huyo ana faida kuliko wa "nzuri sana". Muulize aliishia wapi tu. Ukimuuliza kwa nini, atakutafutia sababu ya adabu.

Neema: Raundi ya pili niwape walewale?

Shangazi Rehema: Wape wapya wawili au watatu. Wa kwanza wanajua mwisho.

Neema: Maswali ya kuwauliza wasomaji niyatume pamoja na mswada?

Shangazi Rehema: Baada. Ukiyatanguliza watasoma wakiwinda makosa. Mwanzoni waombe kitu kimoja: waweke alama pale wanapochoka au wanaporudia kusoma sentensi.

Neema: Sawa Shangazi. Naanza na jedwali.