Msitu wa Pugu na watoto: tujiandae vipi?

Mtembezi_Ukonga
Wakuu, salaam. Jumamosi nataka kuwapeleka wanangu (miaka 8 na 11) msitu wa Pugu, njia ya Kisarawe. Ni kutembea taratibu tu kwa masaa matatu hivi na kusikiliza ndege. Hatuna gari. Tuvae nini, tubebe nini, na nini huwaharibia watu matembezi?

Kijiti_Kavu
Pandeni daladala hadi Gongo la Mboto, mbadilishe ya Kisarawe. Mwambie konda mapema kwamba mnashukia msituni, la sivyo mtajikuta Kisarawe mjini. Msitu uko chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), kwa hiyo anzieni getini na mlipe kwa namba ya malipo ya serikali, siyo mkononi kwa mtu. Chukueni mwongozaji. Vijia vya wakata kuni na wachoma mkaa vinafanana, na mtu anaweza kupotea huku anasikia magari barabarani.

Ingieni saa moja na nusu asubuhi. Kuanzia saa nne ndege hupoa. Kwa watoto hesabu kilomita 2 kwa saa, na mkishatembea saa moja na nusu geukeni, hata kama mbele panavutia. Maji lita moja na nusu kwa mkubwa, lita moja kwa mtoto.

Bint_Mzizima
Kaptula hapana! Suruali ndefu, miguu yake ichomekwe ndani ya soksi. Sababu kubwa ni upupu: masika yakishapita maganda yake hukauka, ukiyagusa tu vile vinywele vinakurukia. Ukiwashwa, kaoge haraka.

Kijiti_Kavu
Hapo kwenye kuoga, dada, taratibu kidogo. Anayekimbilia maji huanza kujisugua, na kusugua kunazidi kuvichoma vinywele ndani ya ngozi. Kwanza bandika selotepu pale panapowasha, bandua, rudia na kipande kipya mara nne au tano. Wa vijijini hupaka majivu makavu, kazi ni ileile. Maji baadaye. Nguo ile ifuliwe peke yake.

Mzee_wa_Njia
Viatu: raba zenye meno. Vilima vya Pugu vina kaolini, ule udongo mweupe, na ukilowa unateleza kama sabuni. Mvua ikinyesha usiku, ahirisheni au mbaki njia ya tambarare.

Siafu nao hutoka baada ya mvua. Kosa la wengi ni kusimama kupiga picha bila kutazama chini. Wakishapanda, ondokeni kwanza hatua kumi, ndipo muwachomoe mmoja mmoja. Ukibaki palepale unawaongeza.

Mapango ya popo msiingie. Vumbi la kinyesi chao hubeba kuvu wa mapafu, na kifua cha mtoto si cha kujaribia. (Komba wa Rondo, mdogo kuliko ngumi, anaishi msitu huo, lakini hutembea usiku. Watoto wasimsubiri.)

Mtembezi_Ukonga
Shukrani sana. Na kupe?

Bint_Mzizima
Mkirudi wakagueni kwapani, nyuma ya magoti, kinenani na nyuma ya masikio. Ukimkuta, mkamate kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute wima bila kumzungusha, kisha osha kwa sabuni. Mafuta ya taa na kiberiti acha: kupe akisumbuliwa anaweza kutema mate ndani ya jeraha, na magonjwa yake hupitia humo. Mtoto akipata homa ndani ya wiki mbili, mwambie daktari mlikuwa msituni, asije akapima malaria peke yake.