Fonti ya Bodoni nzito inafaa kwa maandishi madogo?

Swali
Ndugu wasanifu, ninaandaa bango kwa Bodoni nzito. Kichwa kinapendeza mno, lakini katika maelezo ya chini kile kistari cha katikati cha "e" kinapotea kabisa. Nibadilishe fonti?

Jibu la 1
Ndiyo, kwa maelezo. Mwishoni mwa karne ya 18, wachapaji Bodoni wa Parma na akina Didot wa Paris walikuza tofauti kati ya mistari minene na myembamba, na mwanzoni mwa karne ya 19 wachongaji wa herufi wa London wakainenepesha zaidi ile minene kwa ajili ya matangazo ya kusomwa kwa mbali. Nguzo za herufi, yaani mistari yake minene ya wima, zilinenepa, ila kistari hicho kilibaki uzi, na ukikipunguza sana hakichapiki.

Jibu la 2
Naunga mkono, ingawa si lazima uihame jamii hiyo ya fonti: Bodoni Moda, mojawapo ya fonti zake, ina matoleo ya ukubwa mbalimbali, na katika yale ya maandishi madogo mistari myembamba imeongezwa unene. Epuka pia herufi nyeupe juu ya rangi nyeusi, kwa kuwa wino husambaa na kuimeza mistari hiyo. Kwenye kichwa, sogeza herufi zikaribiane. Fonti hizi hupenda kubanwa.