Naomba ushauri: pingili za zabibu zinachipua kisha zinakauka bila mizizi

Mkulima wa Hombolo
Ndugu zangu, salaam. Ninaandaa kitalu cha zabibu huku Hombolo, Dodoma, kwa pingili nilizochagua wakati wa kupogoa. Macho yanafunguka na majani yanatoka, lakini baadaye machipukizi hunyauka, na nikiing'oa pingili ninakuta kitako chake hakina hata mzizi mmoja. Kwenye duka la pembejeo wananishauri ninunue unga wa homoni ya mizizi, ilhali jirani yangu anasema maji ya madafu yanatosha. Naomba kueleweshwa homoni hizi zinafanya kazi gani hasa kabla sijatoa fedha.

Bwana Shamba Mstaafu
Ndugu yangu, homoni inayoanzisha mizizi ni oksini. Mmea huitengeneza kwenye macho na majani machanga, kisha huteremka kuelekea chini. Ukikata tawi, njia hiyo inakatika na oksini inakusanyika kwenye kitako cha pingili, ambako huchochea seli zilizo karibu na mishipa ya chakula kugawanyika hadi ziwe vichwa vya mizizi. Unga wa dukani kwa kawaida una IBA, oksini isiyoharibika upesi kama ile ya asili iitwayo IAA.

Hata hivyo, zabibu hutoa mizizi kwa urahisi hata bila unga, kwa hiyo mimi ninashuku maji kabla ya homoni. Jicho hufunguka kwa akiba ya wanga iliyomo ndani ya pingili, wala halisubiri mizizi, na majani yakishatoka katika upepo wetu mkavu hupoteza maji ambayo hakuna mzizi wa kuyarudisha. Weka viriba, yaani mifuko ya kupandia, kivulini, kinga upepo, na utumie udongo wa kichanga wenye unyevu wakati wote bila maji kutuama.

Mama Kitalu
Shikamoo Bwana Shamba, ninakubaliana nawe. Kwenye bogenvilia, ambayo ni ngumu zaidi kutoa mizizi, unga huo ninauona faida yake. Kaka, ukiununua, soma kiwango: IBA ya asilimia 0.1 ni ya mashina laini, na ya asilimia 0.3 hadi 0.8 ni ya vijiti vilivyokomaa. Kata chini kidogo ya kifundo, chovya kitako pekee, kung'uta unga uliozidi, kisha toboa udongo kwanza kwa kijiti ili unga usikwanguke. Usiufikishe kwenye macho, kwani oksini nyingi huyazuia kufunguka, na ikizidi kitakoni huunguza.

Madafu yanajulikana zaidi kwa saitokinini, homoni inayosukuma machipukizi, na hayo tayari unayo ya kutosha.

Mkulima wa Hombolo
Asanteni sana. Je, nikate majani yaliyokwisha kutoka?

Bwana Shamba Mstaafu
Marahaba, Mama Kitalu. Ndugu, usiyaondoe yote, maana oksini na sukari hutoka humo. Punguza makubwa kwa nusu. Na kundi lijalo, panda baadhi kwa unga na baadhi bila unga katika kivuli kilekile, ndipo uamue kama pakiti ya pili inastahili fedha zako.